Plagi za Iridiamu kwenye Hilux ya Kabureta

Kabla ya kugusa plagi mpya, tulizipanga zile kuukuu juu ya gunia kwa mfuatano wa silinda. Tatu zilikuwa za kahawia iliyopauka, dalili ya mwako mzuri. Ya silinda namba tatu ilikuwa nyeusi tii, masizi makavu yanayofutika kwa kidole.

Gari ni Toyota Hilux ya injini ya 22R: silinda nne, cc 2,366, kabureta na distributa. Mwenyewe alitaka iridiamu kwa kuwa aliambiwa zinadumu na zitaondoa misi, yaani silinda kukosa mwako. La kwanza ni kweli. La pili si kazi yake. Kabureta ni moja na inalisha silinda zote, kwa hiyo masizi yakikaa kwenye plagi moja tu, anza kushuku cheche. Tulipima waya wa plagi ile, ukinzani wake ukawapita wenzake kwa mbali. Waya zote nne zikabadilishwa. Masizi yangekuwa na umajimaji wa oili, tungekuwa tunazungumzia ringi au sili za valvu, na hapo hata plagi ya dhahabu isingesaidia.

Tukaja kwenye plagi zenyewe. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,455 za Selsiasi, iridiamu kwenye 2,446. Ugumu huo ndio unaoruhusu ncha ya kati ichongwe hadi unene wa milimita 0.6, wakati ya kawaida huwa na 2.5. Ncha nyembamba huhitaji volteji ndogo kurusha cheche, nafuu kubwa kwa koili iliyozeeka. Nguvu za farasi haziongezeki, asikudanganye mtu. Na zile kilomita 100,000 zinazosifiwa ni za plagi yenye madini adimu pande zote mbili. Nyingi zinazouzwa kwa magari haya zina iridiamu katikati tu. Mkono wa pembeni bado ni nikeli, nao huliwa mapema.

Nafasi ya cheche kwenye 22R ni milimita 0.8. Tulipima kwa geji ya waya, si ile ya bapa inayochomekwa kwa nguvu, kwa sababu ncha nyembamba hivyo huvunjika upesi. Moja ilikuwa imebana. Tukapinda mkono wa pembeni kidogo, ya kati hatukuigusa. Injini ilikuwa baridi. Kila plagi iliingizwa kwa vidole hadi mwisho, kisha spana ikazungushwa nusu mzunguko na kidogo, basi. Hedi ni ya alumini. Anayekaza kwa hasira huondoka na nyuzi zake.

Misi imekwisha, ingawa sifa hiyo naipa waya. Pikapu yako ikiwa inakula oili, nunua plagi za nikeli na ubadilishe mara kwa mara. Hii haili, kwa hiyo iridiamu zitabaki, ila zifunguliwe na kutazamwa kila kilomita 20,000: plagi iliyokaa miaka bila kuguswa hung'ang'ania kwenye alumini.