Kabasele wawili, na ndugu wasiofanana majina

Kwetu Wanande jina halisemi ukoo sana, linasema mutoto alizaliwa wa ngapi. Kijana wa kwanza ni Paluku ao Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Binti wa kwanza Masika. Ukiita « Kambale! » kwenye soko ya Kasugho, vichwa vingi vitageuka, na wale wote si ndugu. Kwa hiyo siye tungepaswa kuwa watu wa mwisho kusema kama Pépé Kallé alikuwa mutoto wa Grand Kallé. Lakini tunasema.

Joseph Kabasele alizaliwa Matadi mwaka 1930, akaanzisha African Jazz mwaka 1953. Ni yeye aliyeimba Indépendance Cha Cha kule Bruxelles mwaka 1960, wakati wakubwa walikuwa mezani wanazungumza uhuru. Kabasele wa pili alizaliwa Kinshasa mwaka 1951, akapita Bella Bella, kisha Empire Bakuba ikawa nyumba yake. Mobutu alipokataza majina ya kikristo mwaka 1972, jina la nyuma ndilo liliwatenga: huyu Kabasele Tshamala, yule Kabasele Yampanya. « Kallé » yenyewe, mudogo aliichukua kwa kumuheshimu mukubwa.

Heshima iliishia pale, na tunaona ni vizuri. Grand Kallé alikuwa na sauti laini, maneno yanatembea bila haraka, na gitari ya Nico inajibu kwa adabu. Pépé Kallé alikuwa mutu munene, murefu, na sauti yake ilijaza uwanja. Kuna wanaomukumbuka tu juu ya Emoro, yule mucheza ngoma mufupi sana aliyesimama kando yake. Hatukubali. Mufunge macho musikilize: ndani ya ile nguvu mulikuwa upole wa mutu anayebembeleza. Kweli, miaka ya mwisho makelele ya kuchezesha watu yalizidi wimbo. Mukubwa alikufa mwaka 1983, mudogo mwaka 1998.

Sasa mugeuze mambo. Nico Kasanda na Dechaud Mwamba, nani angejua ni tumbo moja? Nico alipiga gitari ya mbele, watu wakamuita Docteur. Dechaud alikaa nyuma na gitari ya kusindikiza, tangu African Jazz mpaka African Fiesta mwaka 1963. Siye tunasema Nico aliweza kupanda juu vile sababu kaka yake alishika chini. Jina lake liko wapi leo? Franco Luambo naye, mudogo wake aliitwa Siongo, ndiye Bavon Marie-Marie wa Négro Succès, aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1970. Soki Vangu na Soki Dianzenza tu, wale wa Bella Bella, walikuwa na vyote viwili: jina moja na damu moja.

Haya si mambo ya Kinshasa peke yake. Wimbo wa « Kambale » ukipita kwenye redio, Kambale yupi atasifiwa, yupi atalipwa? Tunaomba vijana wanaorekodi Butembo na Beni waandike majina yote mawili, na wasisahau la mupiga gitari ya nyuma.