Gari la Mfalme Milinda

Katika vitabu vya Wabudha twakipenda Milindapanha, yaani Maswali ya Milinda, alichokifasiri T. W. Rhys Davids kwa Kiingereza katika miaka 1890 na 1894. Ni mazungumzo ya mtawa Nagasena na mfalme Myunani aliyetawala pande za kaskazini-magharibi ya India katika karne ya pili kabla ya Kristo.

Mtawa asema kwamba Nagasena ni jina tu, wala hamna ndani yake mtu wa kudumu. Mfalme ashangaa: basi ni nani aishikaye sheria, na ni nani atendaye dhambi? Nagasena amwuliza habari za gari alilojia. Je, mhimili ndio gari? Au magurudumu? Au nira? Mfalme akana kila kimoja, na vyote pamoja pia. Basi, asema mtawa, umesema uongo kwamba umekuja kwa gari! Hapo mfalme akiri kwamba “gari” ni jina la vitu hivyo vikiungana.

Wengi huifupisha habari hii kwa kusema, “Wabudha hukana roho.” Twaona ufupisho huo ni mbovu. Neno la Kipali anatta lakana nafsi isiyogeuka. Halikani kwamba mtu huvuna alichopanda. Nagasena mwenyewe ataja mwivi wa maembe ajiteteaye kwamba maembe aliyoiba siyo yale yaliyopandwa na mwenye shamba. Nani atamwachilia?

Kosa la namna hiyo hiyo ni kulifasiri dukkha kwa “mateso” tu. Kidonda ni dukkha, lakini hata furaha ya arusi imo, kwa kuwa itapita. “Kutoridhisha” kungefaa zaidi, ingawa ni neno zito kinywani.

Hata hivyo mfano wa gari hautushibishi. Gari halijiulizi kwamba lipo. Aulizaye ni mfalme aliyelipanda. Ni kitu gani basi kiyaonacho maungo yote kuwa mtu mmoja? Mbudha atajibu kwamba fahamu nayo ni mojawapo ya maungo, huzaliwa na kutoweka kila dakika. Jibu hilo lina nguvu, ila halimo katika habari ya gari. Limo mbele kidogo, katika mfano wa taa iwakayo usiku kucha: mwali wa alfajiri si ule wa jioni, wala si mwali mwingine. Waalimu wanaolitoa gari peke yake humwonea Nagasena.