Hesi ya M20 na Mkono wa Msimamizi

Msimamizi hakupaswa kuigusa ile mashine. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu tangu Jumamosi ile tulipokwenda kumtazama mwanagenzi akikereza nimepigiwa simu na watu watatu waliokuwepo, wote wakimsifu kwa jinsi alivyookoa jahazi. Jahazi halikuwa linazama. Nyote mliosimama nyuma ya ule mkanda wa njano, kwenye karakana ya kiwanda kile cha barabara ya Nyerere, mliona nilichokiona. Ninachoomba ni tulirudie tukio polepole, kata kwa kata.

Kazi mnaikumbuka. Shafti moja, ncha mbili: huku M24, kule M20. Mwanagenzi wa mwaka wa pili, ambaye tangu aanze amekuwa akienda wiki mbili chuoni na wiki nne kiwandani, anasimama kwenye mashine ya kukereza ambayo skrubu yake kuu ina pichi ya milimita 6. Mwalimu wa chuo aliyechora ule mchoro anaijua kazi yake.

Kijana alianza na M24. Pichi yake ni 3, na tatu inaingia kwenye sita bila kubaki kitu. Kwa hiyo kila mwisho wa kata alifungua wenzo wa nati nusu, akarudisha gari kwa mkono, akafunga popote alipotaka, na kisu kikaangukia kwenye mfereji uleule. Hesi ikatoka safi. Nati ilipanda kwa vidole viwili, mliona wenyewe. Akageuza shafti, akaifunga upya, akahamisha gia kwenda pichi ya 2.5, akapitisha mkwaruzo wa kwanza.

Mwisho wa mkwaruzo ule mkono wake ukafanya kile ulichozoea, ukafungua wenzo. Kila fundi aliyekuwa pale alivuta pumzi. Mbili na nusu haiingii kwenye sita. Ukishafungua wenzo, ukifunga ovyo una nafasi moja kati ya tano ya kurudi kwenye mstari wako. Kisu kikashuka na kuanza kuandika mstari wa pili kandokando ya wa kwanza.

Sasa mtazameni kijana, kwa sababu wengi wenu wakati ule mlikuwa mnatazamana. Kabla kisu hakijafika katikati ya ncha alikivuta nyuma, akazima. Akainama. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma, mara moja, kisha mara ya pili. Akainua macho kwenye bamba la gia lililo ubavuni mwa mashine, midomo ikitikisika kama ya mtu anayepiga hesabu kichwani. Halafu mkono wake wa kulia ukaenda kwenye kishikio cha kitelezi cha juu. Haukwenda kwenye swichi wala kwenye taya kuifungua shafti. Ulikwenda kwenye kitelezi cha juu.

Yule kijana alikuwa anarekebisha. Hesi iliyopotea ina dawa yake, na dawa huanzia palepale alipoweka mkono. Unafunga nati nusu, unaiacha mashine izunguke kidogo kwenda mbele ili ulegevu wa gia uishe, unasimamisha, kisha kwa kitelezi cha juu unakisogeza kisu hadi kikae ndani ya mstari wa kwanza. Kuanzia hapo wenzo haufunguliwi tena. Unavuta kisu nje na kurudisha gari kwa kugeuza mzunguko wa mashine. Mfereji wa M20 una kina cha milimita moja na nusu na ushee. Mkwaruzo ule wa kando haukufika sehemu mbili za kumi za milimita. Hesi yenyewe ingeumeza na nati isingejua kitu.

Hilo somo analo. Mwalimu wake aliniambia walilifanya ubaoni miezi mitano kabla, hesabu tupu, pichi ya skrubu kuu chini na pichi ya kazi juu. Kuna kijana anayeweza kufaulu hesabu hiyo kwa alama zote na bado mkono wake ukafungua wenzo, kwa sababu mkono haukuwa darasani. Huu mfumo mzima wa chuo na kiwanda, pamoja na mikataba yake, posho zake na madaftari yake, ulibuniwa kwa ajili ya sekunde ishirini zile: mkono umekosea, kichwa kimekumbuka, na kichwa kinaanza kuufundisha mkono.

Hapo ndipo bega la msimamizi lilipoingia. Akamsogeza kijana pembeni, akalegeza taya, akachomoa shafti na kuitupa kwenye sanduku la chuma chakavu. Akainama chini ya benchi, akatoa shafti nyingine ambayo M24 yake ilikuwa imeshakatwa, akaifunga na kukata M20 mwenyewe bila kufungua wenzo hata mara moja. Alikata vizuri. Watu wakapiga makofi, na mwanagenzi akabaki ameshika pamba ya kufutia oili.

Ile shafti ya pili inaniuma kuliko bega. Ilikuwa imeandaliwa. Kabla kijana hajawasha mashine, mtu mwenye dhamana ya kumlea alikuwa ameshaamua atashindwa, na ameshaamua wageni hawatakiwi kuona akishindwa. Kisha, nilipoomba kulitazama daftari la kazi la mwanagenzi yule, nikakuta mstari wa siku ile umeshasainiwa: M24 na M20, imekamilika. Hakuna mahali palipoandikwa nani aliikamilisha. Mwezi ujao mwajiri mwingine atasoma mstari huo na kumpa kijana kazi ya pichi 2.5, na atakapofungua wenzo ataambiwa vyuo vyetu havifundishi.

Nilizungumza na msimamizi baadaye, pembeni, kwa heshima, kwa sababu ni mtu mzima na fundi mzuri. Akaniambia, "Mzee wangu, wageni walikuwa wamesimama. Ningemwacha aaibike?" Nimelifikiria jibu lake kwa siku kadhaa, maana lina huruma ndani yake. Lakini aliyekuwa anaaibika ni nani? Kijana hakuwa amegeuka kuwatazama wageni hata mara moja. Alikuwa ndani ya kazi. Aibu ilianza pale alipopewa pamba.

Msimamizi ana haki ya kuingilia, na wakati mwingine ni lazima. Mkono wa ovaroli ukikaribia shafti inayozunguka, unapiga kitufe chekundu kwanza, maswali baadaye. Gari likikimbilia kwenye taya, unazima. Jumamosi mashine ilikuwa imesimama. Mtu hakuwa hatarini, kisu hakikuwa hatarini, na kilichokuwa hatarini ni kipande cha chuma laini cha urefu wa kiganja na nusu. Kwa hali kama hiyo msimamizi ana kazi moja, kusimama hatua mbili nyuma na kunyamaza. Akishindwa kabisa kunyamaza, aulize swali.

Nilijifunza ukerezaji kwenye karakana ya reli Morogoro, kuanzia 1979. Najua mmenisikia nikiitaja Morogoro mara nyingi, na nitaendelea kuitaja. Mkuu wetu wa benchi alikuwa na desturi ya kushika mikono nyuma, ameifumbata chini ya mkanda wa aproni. Mwanzoni tulidhani ana maumivu ya kiuno. Siku nilipopoteza hesi yangu ya kwanza alikuja, akainama, akatazama, mikono ikiwa bado nyuma. Akauliza, "Skrubu ya mashine yako ina pichi gani?" Kisha akaondoka kwenda benchi la tatu na kunipa mgongo. Nilikaa na swali lile mpaka kengele ya chakula. Niliharibu vipande viwili. Cha tatu kilipita, na tangu siku hiyo, miaka arobaini na zaidi, sijaufungua wenzo kwenye pichi ambayo haiingii.

Yule mzee hakuwa na cheti cha ualimu, lakini alijua jambo ambalo wengine wameliandika. Wamarekani waliliandika wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipohitaji kuwafundisha haraka watu wa viwanda vya silaha: muandae mtu, muoneshe kazi, mwache aifanye, mfuatilie. Hatua nne. Hatua ya tatu ni ya mwanagenzi peke yake, na msimamizi akiichukua kwa mkono wake, ya nne haina cha kufuatilia.

Wajerumani, ambao kila mtu sasa anawataja, waliliweka kwenye kanuni. Sheria yao ya mafunzo ya ufundi ni ya 1969, na tangu 1972 wakataka anayewafundisha wanagenzi kiwandani afanye mtihani wa kuonesha kwamba anajua kufundisha, si kwamba anajua kukereza tu. Mwaka 2003 wakalisitisha sharti hilo, kusudi viwanda vingi zaidi vipokee vijana. Mwaka 2009 wakalirudisha. Nchi yenye mashine zile na uzoefu ule ilijaribu kwa miaka sita kufundisha bila kumfunza msimamizi, ikaacha. Sisi tumechukua kwao mzunguko wa wiki, tumechukua daftari, tumechukua hata muundo wa mkataba, na tumemwacha msimamizi kama alivyokuwa, yaani fundi bora wa shifti aliyeambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu atakuwa na vijana wanne.

Mwongozo wa Taifa wa uanagenzi tunao tangu 2017. VETA ina miaka thelathini na ushee tangu sheria ya 1994. Fedha nazo zilikuwepo, na hapa nitarudia lile ambalo wasomaji wangu wa zamani wanalijua kwa moyo. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, iliwahi kuwa asilimia 6 ya mishahara. Jina lake linasema ni ya nini. Kwa miaka mingi theluthi moja ndiyo iliyofika kwenye ufundi stadi, na theluthi mbili zikaenda kugharimia elimu ya juu. Waajiri walilalamika kuhusu ukubwa wa tozo, ikapunguzwa na kupunguzwa mpaka 3.5 mwaka 2023. Waajiri wakapata nafuu, na sina ugomvi nao. Lakini ni wangapi kati yao waliwahi kudai kwamba kipande kidogo cha fedha ile kitumike kumpeleka msimamizi wa karakana kujifunza kufundisha, hata kwa wiki tatu? Hela ilikatwa kwa jina la ufundi, na fundi anayefundisha hakuiona.

Kuna jambo la kufungasha pia. Kijana huyu, daftari lake linaonesha, alitolewa kwenye mashine kwa wiki sita kwenda kufunga maboksi kwa sababu oda ilikuwa kubwa. Wiki hizo zinaangukia baada tu ya lile somo la pichi chuoni. Kalenda ya darasa na ya kiwanda zilikuwa zimepangwa ziende bega kwa bega, somo la Jumatatu likamkute mashineni wiki inayofuata, na zikaachana pale. Hili nimeliandika sana na sitalirefusha. Nasema tu kwamba mkono uliofungua wenzo Jumamosi ulikuwa umekosa wiki sita za kuzoea kutoufungua.

Mengine yalikuwa sawa: miwani ya usalama, buti, posho kwa wakati, mashine zimepakwa oili, mchoro unasomeka.

Wageni walipokwenda kunywa chai nilirudi kwenye sanduku la chuma chakavu, nikaomba ruhusa, nikaichukua ile shafti. Iko mezani kwangu ninapoandika. Upande wa M24 nati bado inapanda kwa vidole viwili. Upande wa M20 una mistari miwili. Mmoja umetambaa hadi mwisho wa ncha, mwingine umeishia njiani, pale kijana alipokivuta kisu. Ukipitisha ukucha unaihisi yote miwili, na umbali kati yao nimeupima kwa venia: milimita moja, kama hesabu inavyotaka nati nusu ikifungwa nafasi moja kando. Kwa hiyo hata kosa lake lilikaa mahali pake sahihi. Angekuwa na bamba lile la gia mbele yake na dakika tano za kuachwa, angeupata umbali huo kwa penseli.

Jumatatu asubuhi shafti hii inakwenda chuoni. Mashine ya pale nayo ina skrubu ya milimita 6, nimeuliza. Wiki hiyo ni zamu ya kijana ya darasani, na mwalimu amekubali kuacha kipindi cha kwanza wazi. Mstari wa kwanza upo, unaonekana, na kisu kinaweza kuukuta.