Silaha na uamuzi: shujaa wa kike katika filamu za mapigano

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi hukiri kwa shida ya kwamba anapenda filamu za mapigano. Atazizungumza na wenzake jioni, lakini hatazifanyia utafiti. Na akiongeza ya kwamba zile azipendazo zaidi ni zile ambazo shujaa wake ni mwanamke, huulizwa mara moja: je, huyo si mwanamume tu aliyebadilishwa nguo?

Swali hilo si la mzaha, na makala haya yanajaribu kulijibu. Tumechagua mifano miwili ambayo ilisaidia sana kuweka msingi wa filamu za aina hii. Wa kwanza ni Ripley, mhusika wa Alien (1979) ya Ridley Scott na wa Aliens (1986) ya James Cameron. Wa pili ni Nikita, katika filamu ya jina hilo iliyoongozwa na Luc Besson mwaka 1990. Dai letu ni moja: raha ya filamu hizi haitoki katika silaha iliyo mkononi mwa mwanamke, bali katika kumwona akijitwalia haki ya kuamua. Palipo na silaha pasipo uamuzi, mtazamaji hubaki na kelele tu.

1. Jinsia ya ushujaa katika lugha

Kabla ya filamu, tutazame lugha. Kiswahili hakibagui jinsia katika nafsi. Tukisema «alifyatua risasi akaruka dirishani», msikilizaji hajui bado kama ni mwanamke au mwanamume. Mfaransa angelazimika kuchagua tangu neno la kwanza. Neno «shujaa» nalo halina jinsia. Hata hivyo, lugha hiyohiyo hutuamrisha «jikaze kiume», na anayestahimili maumivu husifiwa kuwa ni mwanamume kweli. Yaani sarufi imeuacha mlango wazi, bali matumizi yameufunga.

Mswada wa kwanza wa Alien, ulioandikwa na Dan O'Bannon, ulifanana na sarufi yetu. Ulieleza ya kwamba nafasi zote za mabaharia wa chombo zaweza kuchezwa na wanaume au wanawake. Baadaye Ripley akafanywa mwanamke, na nafasi hiyo akapewa Sigourney Weaver, ambaye wakati huo hakuwa akijulikana sana katika sinema. Matokeo yake ni makubwa. Ripley hakuandikiwa udhaifu unaodhaniwa kuwa wa kike, wala majigambo yanayodhaniwa kuwa ya kiume. Aliandikiwa kazi, na twamjua kwa jinsi anavyoifanya.

2. Ripley, au ushujaa wa ajuaye kazi yake

Tendo la kwanza la kishujaa la Ripley halina silaha. Mabaharia watatu wametoka nje ya chombo. Wanarejea, na mmoja wao amegandwa usoni na kiumbe kisichojulikana. Nahodha, aliye nje pamoja nao, anaamuru mlango ufunguliwe. Ripley ndiye mkuu ndani ya chombo kwa saa ile, naye anakataa: sheria ya karantini yataka wangoje. Mwenzake Ash anamdharau na kuufungua mlango. Katika watu saba wa chombo kile, Ripley peke yake ndiye anayebaki hai. Mtazamaji anayeirudia filamu mara ya pili hukaa akiungojea mlango ule, kwa maana amekwisha kujua ya kwamba aliyesema kweli ni yule asiyesikilizwa. Nani miongoni mwetu, katika ofisi au katika ukoo, hajawahi kuuona mlango kama huo ukifunguliwa?

Katika Aliens, Ripley anaamshwa baada ya kulala miaka 57 angani. Wakuu wa kampuni hawamsadiki, wanamnyang'anya leseni yake, naye anaishia kupakia shehena. Halafu kampuni yamhitaji tena, naye anafuatana na kikosi cha askari. Hapo Cameron anafanya jambo la busara. Mapema katika safari, Ripley anaomba apewe kazi. Anapanda ndani ya mtambo wa kubebea mizigo, ule ambao mtu huuvaa kama mwili wa pili, na kuuendesha kwa ustadi mbele ya sajini anayecheka kwa mshangao. Mwishoni ni mtambo huohuo anaouvaa kupigana na mama wa wale viumbe. Ametumia bunduki na moto pia, lakini chombo cha pambano la mwisho ni chombo cha makuli, nasi twakiamini kwa sababu tulimwona akikifanyia kazi.

Tulinganishe na Vasquez, mwanamke askari katika filamu hiyohiyo. Ana misuli, ana bunduki kubwa kupita wenzake wengi, wala hana woga. Tunampenda, lakini hadithi si yake, kwani maamuzi makubwa hayamo mikononi mwake. Luteni anapoduwaa huku askari wake wakiangamia, ni Ripley anayekamata usukani wa gari la deraya na kwenda kuwaokoa. Hakuna aliyempa cheo hicho. Kama nguvu ya shujaa wa kike ingekuwa ukubwa wa silaha, basi filamu ingemfuata Vasquez.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Ripley anarudi ndani ya hatari kwa ajili ya mtoto, Newt, na adui yake mkuu ni mama vilevile. Je, filamu haimsamehe mwanamke ukali wake kwa sharti la kwamba awe mama? Kwa sehemu ndivyo, na hatutaki kulificha. Lakini tukumbuke mlango wa karantini: pale hapakuwa na mtoto, na Ripley alikuwa tayari ni yuleyule.

3. Nikita, au zawadi zilizo amri

Nikita, aliyeigizwa na Anne Parillaud, aanza mbali sana na Ripley. Ni kijana aliyezama katika dawa za kulevya. Anamwua polisi katika uvamizi wa duka la dawa, anahukumiwa kifungo cha maisha, kisha idara ya siri ya serikali yatangaza kifo chake na kumfanya mwuaji wake. Anafundishwa kupiga risasi. Amande, aliyeigizwa na Jeanne Moreau, anamfundisha kujipamba. Mafunzo hayo mawili yana shabaha moja, kwani urembo wake nao umefanywa chombo cha serikali.

Kiini cha filamu kimo katika tukio la mkahawani. Bob, mkubwa wake, anampeleka kula chakula cha jioni siku ya kuzaliwa kwake. Ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nje baada ya muda mrefu. Bob anampa zawadi. Nikita anaifungua kwa furaha ya mtoto, na ndani yake mna bastola. Anaambiwa amwue mtu aliye karibu, kisha atorokee katika dirisha la choo. Anatii, anakimbilia chooni, anafungua dirisha: limezibwa kwa matofali.

Hapa ndipo swali la utangulizi lajibika vizuri. Nikita ana silaha, ana ujuzi, naye anatoka pale akiwa hai. Lakini je, ana nguvu? Kila kitu alicho nacho amepewa, na kila alichopewa ni amri. Baadaye Bob anawapatia, yeye na mchumba wake Marco, safari ya kwenda Venice; zawadi hiyo nayo yageuka kazi. Nikita amejifungia bafuni, bunduki mkononi, huku Marco akimsemesha kwa upendo nyuma ya mlango. Shabaha anayoamriwa kuipiga ni mwanamke. Hatuujui uso wa shujaa aliyeshinda. Twauona uso wa mtu asiyeweza kuitikia anapoitwa.

Uamuzi wake wa kwanza kamili ni wa mwisho: anaondoka. Hamchukui Marco. Filamu yafungwa kwa wanaume wawili wanaompenda, wameketi wakimzungumza, naye hayupo. Mwaka 1993 Wamarekani waliitengeneza upya kwa jina la Point of No Return, ikiongozwa na John Badham. Huko mkubwa wake anamwona akienda, anamwacha, kisha anaarifu idara ya kwamba amekufa. Tofauti yaonekana ndogo, lakini yabadili maana yote: katika filamu ya Kifaransa mwanamke ametwaa uhuru wake, katika ile ya Kimarekani amepewa, kama vile alivyopewa bastola.

4. Je, yafaa kufurahia?

Katika nchi ambayo mashariki yake imejua vita tangu 1996, na ambamo wanawake wameumizwa mno na watu wenye bunduki, wako watakaouliza kama yafaa kuifurahia bunduki hata katika sinema. Hatulipuuzi swali hilo. Jibu letu ni kwamba filamu hizi mbili hazituuzii bunduki. Ripley hutetemeka na kuota ndoto mbaya; Nikita hulia, na katika kazi yake ya mwisho anaiona miili ikimwagiwa tindikali mpaka moyo wake unakataa. Filamu isiyoonyesha gharama ya risasi haistahili raha yetu, awe shujaa wake mwanamke au mwanamume.

5. Tamati

Twarejea nyumbani kwa Kiswahili. Riwaya zetu za upelelezi zimetupa Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, nao wamewafundisha vijana wengi kupenda kusoma. Nuru, mwandani wa Joram, ni mwerevu na jasiri. Lakini jina linalowavuta wasomaji ni la Joram. Tungependa mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya riwaya hizo asihesabu tu ni mara ngapi mwanamke ameshika bastola. Amwulize kila mhusika: ni nani aliyeamua ufike hapa, na ni nani atakayeamua uondoke? Na mwandishi kijana atakayejaribu kumtunga shujaa wa kike asihofu lugha yake. Kiambishi «a-» kimekwisha kumpa nafasi. Kilichobaki ni kumpa kazi ya kufanya, na dirisha lisilozibwa.