Sifa ya Chupa Tupu

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki chupa ya kioo haistaafu mapema. Ya jemu ikiisha hutiwa achari ya maembe. Ya mvinyo hubeba asali ya Tabora, au mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani. Ile ndogo ya dawa, umeme ulipokuwa haujafika mtaani, ilitobolewa kifuniko, ikapitishwa utambi, ikawa kibatari. Za soda na za bia hazimo katika hesabu hii, maana zina kreti zao na dukani zinadaiwa. Zinazobaki ni zile zisizodaiwa na mtu, na hizo ndizo anazozitafuta fundi wa kupamba nyumba kwa misimu: Ramadhani na Idi, mavuno, Krismasi, masika.

Ufundi huu ninausifu, ila nina kipimo kimoja. Pambo bora la chupa ni lile ambalo msimu ukipita huvuliwa, chupa ikaoshwa, ikawa tayari kwa kazi nyingine. Lisilovulika limeiua chupa, hata likipendeza namna gani.

Kukipa chombo cha mezani cheo cha pambo ni desturi kongwe ya pwani yetu. Wenye nyumba za mawe za Lamu walichonga zidaka ukutani wakapanga humo sahani na bakuli za kaure zilizoletwa na majahazi. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, nguzo ya kaburi ilipachikwa bakuli za kaure kutoka China, na makaburi ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, nayo yalipambwa kwa sahani za namna hiyo. Waliofanya hivyo walijua kwamba chombo kilichotengenezwa vizuri kina uzuri unaozidi kazi yake. Tofauti ni kwamba kaure ilikuwa mali ya matajiri, na chupa ya jemu iko katika kila nyumba.

Thamani ya chupa hiyo twaisahau kwa kuwa imezoeleka. Takriban asilimia 70 ya kioo cha kawaida ni mchanga wa silika, na kilichobaki kwa sehemu kubwa ni magadi na chokaa. Magadi ya kutengenezea vioo huchimbwa Ziwa Magadi, Kajiado, tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Katika kaunti hiyohiyo, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ndipo ilipo karakana ya Kitengela, ambako vioo chakavu huyeyushwa na kupulizwa kuwa bilauri, taa na vito. Arusha nako karakana ya Shanga huwaajiri watu wenye ulemavu, na miongoni mwa kazi zao ni kupuliza vyombo kwa kioo kilichokwisha kutumika. Tanuru la kazi hiyo hupita nyuzi 1,000 za joto. Fundi wa nyumbani hana tanuru, wala hahitaji kuwa nalo. Chupa ameikuta imeshaumbwa; kazi yake ni kuiheshimu.

Heshima hiyo huanzia kwenye beseni. Chupa hulowekwa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni hadi karatasi ijiachie yenyewe. Gundi inayobaki hupakwa mafuta ya kupikia yaliyokorogwa na magadi ya unga, ikaachwa ilainike, kisha ikasuguliwa kwa kitambaa. Ukungu mweupe wa maji ya chumvi huondoka kwa siki au ndimu. Harufu ya vitunguu iliyong'ang'ania kifunikoni dawa yake ni jua. Anayeruka hatua hizi ataficha uchafu chini ya rangi, na kioo kina tabia ya kutangaza kila kilichofichwa ndani yake.

Baada ya kuosha huja kuvisha, na hapo ndipo mkono wa fundi huonekana. Wengi hukimbilia rangi ya kupuliza, gundi moto na vumbi la kumetameta. Chupa iliyopambwa hivyo haiwezi tena kutiwa chakula, na mnunuzi wa vioo chakavu ataikataa. Kwetu kuna vitu vinavyofungika na kufunguka. Ukindu uliotiwa rangi kwa ajili ya mikeka husukwa ukanda mwembamba wa shingo. Kamba ya usumba huzungushwa mara kadhaa ikashika bila gundi. Pindo la kanga iliyochakaa huwa joho, na ushanga hutungwa kwenye waya mwembamba wa kuning'inizia. Mafundo hufunguliwa, na chupa hubaki ilivyokuwa.

Kila msimu una kinachofaa kutiwa ndani. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka wa jua, kwa hiyo huangukia kiangazi, masika na kipupwe kwa zamu. Mwanga hufaa wakati wote. Tandika mchanga mkavu chini ya chupa yenye mdomo mpana, simamisha mshumaa mfupi katikati, usifunike. Mchanga huzuia moto usikiguse kitako, kwani kioo kinachopashwa joto upande mmoja hupasuka. Siku ya Idi, mshumaa hutoka, yakaingia maji na asumini.

Mavuno yana pambo lake, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote: maharage, kunde, choroko na mtama, tabaka juu ya tabaka. Nafaka zikianikwa zikakauka barabara, na kifuniko kikakaza, wadudu wa nje hawana njia ya kuingia. Mtu huona urembo rafuni, kumbe mama mwenye nyumba ameweka mbegu. Mvua zikianza, pambo huenda shambani.

Desemba ndiyo inayotupotosha. Watu hubandika pamba kwenye chupa ziwe kama zimeangukiwa na theluji, mjini ambako jasho linawatiririka. Msimu wetu una rangi zake: mikrismasi imechanua nyekundu barabarani, na mivinje ya ufukweni ina vitawi vyembamba vinavyokaa vizuri katika chupa ya mvinyo ya kijani. Vitawi vikinyauka, vingine vipo.

Masika, chupa hupokea vipandikizi vya mimea vitoe mizizi, na mizizi ikionekana kupitia kioo ni pambo tosha. Lakini maji yabadilishwe kila baada ya siku chache na chupa isuguliwe ndani. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga katika vyombo vidogo kama hivi, na yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya takriban juma moja.

Wapo wanaokata chupa kwa uzi uliochovywa mafuta ya taa na kuwashwa moto, kisha kuitumbukiza katika maji baridi. Hupasuka kweli, mara nyingi si pale palipokusudiwa. Ukingo wake lazima usuguliwe kwa msasa wa maji, ukiwa umelowa, maana vumbi la kioo halifai kuingia mapafuni. Mwenye zana na uzoefu na afanye. Mimi naona chupa nzima ina nafasi nyingi zaidi za kuishi kuliko nusu yake.

Basi, msimu ujao, kabla ya kwenda dukani kununua mapambo ya plastiki yatakayoishia jalalani, fungua kabati la jikoni. Chagua chupa tatu zisizodaiwa na mtu, zioshe mpaka zing'ae, uzivishe kwa kamba badala ya gundi. Sherehe ikiisha, zivue uzirudishe kabatini, achari ikipatikana ikute pa kukaa.