Rununu, simu ya mkono au simu tu?

Wapo walimu wanaomkata mwanafunzi alama kwa kuandika ‘simu ya mkono’, ati neno sahihi ni ‘rununu’. Wanamwonea. ‘Simu’ ni neno la asili ya Kiajemi, ‘sim’, yaani waya. Simu ilipoachana na waya, jina halikubanduka. Wasemaji wakaongeza ‘ya mkono’, kama katika ‘saa ya mkono’. (‘Ya mkononi’ pia yafaa.) ‘Rununu’ ni tamu na magazetini imezoeleka, lakini jamani, nani humwambia mwenzake, “Nipigie rununu”? Husema ‘simu’, basi. Siku hizi ile ya zamani ndiyo inayohitaji maelezo: ‘simu ya mezani’. Mwanafunzi arudishiwe alama yake.