Kazimoto Arudi Nyumbani

Katika Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, Kazimoto anatoka Chuo Kikuu na kurudi kwa wazazi wake kijijini. Wengi husifu falsafa yake. Mimi nasifu ukimya wake: wazazi na mtoto wako chini ya paa moja, lakini kila mmoja ana lake moyoni. Tuliowahi kurudi kwetu twaujua ukimya huo.

Ila kuna kasoro. Karibu yote twayasikia kwa kinywa cha Kazimoto. Mama yake anamwonaje mgeni huyu aliyemzaa mwenyewe? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ningependa kumsikia mama akimpa mwanawe jembe hilo, na wanayozungumza wakilima.